Jicho Kwanza, Sanduku Baadaye

Kama una picha ya mzazi wako iliyopigwa Kisangani miaka ya hamsini, na katika picha hiyo mzazi wako amebana midomo kama fundi aliyeshika pini mdomoni, basi ujue hiyo ni kazi ya Papa Foto. Hakuruhusu meno. Bwana harusi, karani aliyepandishwa cheo, mtoto wa ubatizo, wote aliwaambia neno moja: "Funga kinywa. Picha haiko soko ya meno." Wakikataa aliwarudishia pesa yao na kuwaonyesha njia, hata kama nyumbani mwake siku hiyo hakukuwa na chumvi.

Jina lake sitalitaja, kwa kuwa hakuna aliyelitumia. Hata wazungu waliomwita kupiga picha za watumishi wao walisema Papa Foto. Tulikaa barza moja, ndani ya cité, mitaa ya sisi weusi, mwendo mfupi kutoka Makiso, mjini kwa wazungu. Mimi upande mmoja na mashine yangu ya kushona, niliyojifunza kwa masista. Yeye upande wa pili na pazia lake kubwa lililochorwa ndege. Ndege ile ilikuwa na mabawa yasiyolingana, na nusu ya vijana wa mji huu wamepigwa picha wakiipanda. Pazia likichanika nilishona mimi, naye alisimama nyuma yangu akinielekeza kana kwamba mimi ndiye niliyejifunza kushona jana. Nilimwambia, "Papa, ushone mwenyewe." Alirudi kwenye kiti chake akinung'unika. Kesho yake aliniletea samaki wa kuokwa kwenye majani, akamweka karibu na mashine.

Alikuwa mtu wa hivyo. Mkali kwa walio hai, mpole kwa maiti. Wavuvi wa Wagenia walimwita mara nyingi, kwa maana maporomoko ya mto wao huwapa watu samaki na hudai watu pia. Kijana akiteleza kwenye miti ya mitego, wakimpata chini kwenye maji tulivu, walitaka picha moja kabla ya kuzika, maana wengi wao hawakuwahi kupigwa hata moja. Papa Foto alikwenda. Aliwafuta uso kwa kitambaa chake mwenyewe, akawafunga vifungo vya shati. Mara moja, kwa mazoea tu, alimwambia maiti, "Usitikisike." Kilio kilikatika. Kisha mama wa marehemu akacheka, akacheka mpaka wakamshika mikono, halafu kilio kikarudi kikubwa kuliko mwanzo. Papa Foto alipiga picha yake, akakunja vitu vyake, tukarudi. Nilikuwa naye siku hiyo, nimepeleka sanda.

Tangu hapo aliwasumbua watu kweli kweli. Mwanamke akipita na mtoto mgongoni alimwita: "Mama, umupige picha leo. Kesho iko mwizi." Wengine walimwona mtu wa mkosi, wakavuka barabara. Na mtu huyohuyo, aliyetisha mji mzima kwa neno kesho, mke wake hakuwa na picha hata moja. Kila sikukuu Mama Zaina alivaa liputa lake zuri, kitenge cha maua, akaja barzani, akasimama mbele ya ile ndege. Na kila sikukuu mumewe akamwambia filamu ni ya wateja, asubiri. Mganga hajigangi, wahenga walisema, nami nilimrudia neno hilo mpaka likachakaa.

Mama Zaina hakuwa mtu wa kusononeka. Alikuwa na ulimi. Kisangani mvua haijui kupumzika, na unyevu huotesha ukungu hata ndani ya kioo, kwa hiyo Papa Foto alikaanga mchele mkavu, akaumimina katika kopo la biskuti na kuilaza humo lenzi yake. Mchele ukishika maji aliutupa, akakaanga mwingine. Mkewe alisimama mlangoni akitangazia mtaa: "Munaona? Jicho yake inakula muchele, siye tunakula majani ya pondu!" Tulicheka sote, na yeye Papa Foto akacheka kwa pua. Nilimpenda sana mwanamke yule. Ndiye aliyenishika mkono nilipomzaa Georgette, mtoto wangu wa kwanza.

Siku walipomchukua nilikuwa nyuma yake kwenye mstari. Waganga wa serikali walipita cité wakikagua ngozi. Walikufumba macho, wakakugusa kwa pamba na kwa ncha ya sindano, nawe ukasema wapi. Mimi, zamu yangu ilipofika, nilisema bega, nikasema mkono, nikaambiwa niende. Lakini kabla yangu, yeye alikuwa amekaa akisubiri kuguswa, na yule mganga alikuwa amekwisha kumgusa. Doa jeupe nyuma ya kiwiko, dogo, hata mumewe hakulijua. "Muanze basi," alisema Mama Zaina. Hapo nilijua ngozi ile imekufa.

Wakampeleka kambi ya wakoma, chini ya mto, ng'ambo ya pili. Zaina, binti yao, alikuwa bado ananyonya. Kambi ile ilikuwa na sheria yake: Jumapili moja kila mwezi wageni walishuka kwenye mtumbwi, wakasimama nyuma ya kamba iliyofungwa ufukweni, wagonjwa wakasimama kule juu, nyuma ya kamba yao. Katikati mchanga mtupu, upana wa uwanja wa mpira. Mlikuwa mkizungumza kwa kupiga kelele, mbele ya mlinzi na mbele ya watu wote. Jaribu kumwambia mkeo neno la kweli kwa kupiga kelele. Watoto hawakuruhusiwa kabisa.

Basi Zaina alikua bila mama, na alipopata akili ya kuuliza, aliuliza jambo moja tu, kutwa: "Mama iko na sura gani?" Papa Foto alimjibu kuwa ni mzuri. Mtoto hakuridhika. Jumapili moja Papa Foto akachukua kamera, akampiga mkewe kutoka nyuma ya kamba. Aliporudi, akaisafisha filamu, akampa mtoto picha. Zaina akaishika karibu na uso, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Iyi iko mutu ao muti?" aliuliza.

Mtu au mti. Lenzi yake ilikuwa ya kupiga watu walio karibu, mbele ya ndege. Kwa mbali vile Mama Zaina alitoka kama kijiti kilichochomekwa mchangani. Papa Foto aliichukua ile picha mkononi mwa mtoto taratibu, akaenda uani. Sijui alikwenda kufanya nini. Alirudi macho yamewiva.

Hapo ndipo palipoanza habari ya jicho na sanduku, ambayo barza yetu ilibishania msimu mzima. Kamera ya Papa Foto aliinunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao, na lenzi yake iliweza kufunguliwa kama kifuniko cha chupa na kuwekwa nyingine. Lakini sanduku lenyewe, ule mwili wa kamera, lilikuwa gonjwa. Ndani mna pazia dogo jeusi la kitambaa linaloruka kufungulia mwanga na kuufunga, na pazia lile lilikuwa limezeeka. Siku nyingine liligoma njiani, na bwana harusi akatoka nusu mtu nusu giza. Karibu na bandari, Makiso, palikuwa na duka la Mgiriki mmoja. Kwenye kabati lake kulikuwa na sanduku jipya, lenye pazia la chuma. Pembeni yake kulikuwa na lenzi ndefu, ya mkono wa pili, inayovuta vya mbali vikawa karibu. Papa Foto alikuwa na akiba ya kununua kimoja.

Mgiriki hakumficha. "Papa Foto, sikia miye. Ukamate sanduku. Pazia yako iko kitambaa, na hapa kitambaa inaozaka. Objectif, iyi jicho ndefu, itangoja."

"Sanduku mpya itaona nini?" Papa Foto alimjibu. "Itaona kijiti kilekile, ila safi."

Mvuvi mmoja wa Wagenia, aliyekuja kuchukua picha ya marehemu ndugu yake, alisikia mabishano akakaa chini. "Papa, kama kikapu yako imetoboka, utaongeza miti mirefu ya nini? Samaki itapita tu."

"Na kama kikapu iko nzuri lakini haifiki kwa maji?"

Mvuvi akakuna kichwa, akasema hilo nalo ni neno. Mimi nilisema yangu kama fundi: mashine kuukuu yenye sindano nzuri inashona, mashine mpya yenye sindano butu inatafuna kitambaa. Kwa kushona ni kweli mpaka leo. Papa Foto aligonga goti lake kwa furaha. "Njo vile! Jicho kwanza, sanduku nyuma. Sanduku iko nyumba tu. Mutu anaoa nyumba?"

Na alikuwa na sababu ya haraka. Dawa zilikuwa zimefika kambini, walisema, vidonge vya kuzuia ugonjwa, lakini ugonjwa ulikuwa umeshazitangulia mwilini. Jumapili iliyotangulia, Mama Zaina alikuwa amepaza sauti kutoka nyuma ya kamba yake: "Baba Zaina! Unipige mbiyo! Sura inaisha!" Watu wote ufukweni walisikia. Yeye alilisema kama mzaha, kama alivyosema kila kitu.

Akainunua lenzi ndefu.

Jumapili ile nilikwenda naye. Mtumbwi ulitushusha jua likiwa limesimama utosini. Lenzi haikuja na kifuniko, kwa hiyo njiani aliifunika kwa leso. Tulikaa kwenye mchanga nyuma ya kamba tukisubiri kengele. Mlinzi hakuwa mtu wa kubembelezwa, muda ulikuwa mfupi, na Papa Foto alitaka awe tayari. Akaondoa leso. Akaipima lenzi kwa mbali, akailaza kamera mapajani, jicho likitazama juu, ili mchanga usiliguse. Ndivyo alivyoilaza kila siku barzani, chini ya bati. Tukaongea habari za Zaina, jino lake lililong'oka, vitu vya hivyo. Kengele ikachelewa.

Mama Zaina alipotoka nilimjua kwa mwendo. Amevaa liputa jekundu, na kwa sababu nyusi zilikuwa zimeanguka, alikuwa amejichora nyingine kwa mkaa. Nilizitambua kwa mbali. Nililia palepale, bila aibu. Papa Foto hakulia, alishika kamera usoni, akarekebisha, na nikamsikia akinong'ona, "Namuona. Mama Georgette, namuona, iko hapa." Alikuwa hajauona uso ule kwa karibu tangu siku ya sindano.

"Nifunge kinywa?" mkewe alipaza sauti.

Na mtu yule, ambaye hakuruhusu meno hata kwa karani wa gavana, alisimama kwenye vidole akapiga kelele: "Apana! Cheka! Cheka, mama!"

Akacheka. Akatupa kichwa nyuma akacheka, na wagonjwa waliokuwa kando yake wakaanza kucheka nao, hata mlinzi akageukia pembeni. Papa Foto alipiga filamu yote. Sijawahi kumwona mwanamume mwenye furaha kama yeye ndani ya mtumbwi ule wa kurudi. Aliimba. Aliimba vibaya, wapiga makasia wakamtania, akawajibu.

Picha zote zilitoka na tundu jeupe. Liputa lilikuwepo, kila ua lake. Mikono ilikuwepo, shingo ilikuwepo, nyuma yake paa la nyasi na kuku mmoja. Pale palipokuwa na uso palikuwa na weupe wa mviringo, picha ya kwanza mpaka ya mwisho. Aliziweka mbele yangu juu ya meza ya mashine, akaniuliza kwa sauti ndogo kama nami naona anachokiona. Nikasema naona.

Tulikwenda pamoja kwa Mgiriki. Akafungua mgongo wa kamera, akaielekeza dirishani, akafunga jicho moja. Katikati ya pazia la kitambaa palikuwa na tundu dogo, kingo zake zimekauka. "Uliilalisha jicho juu? Saa sita, kwa jua?"

"Kidogo tu. Tulikuwa tunangoja."

Mgiriki alikaa chini. Kwao, alisema, jua halisimami juu ya kichwa cha mtu. Hata kitabu cha kamera hakisemi, kwa sababu walioandika hawakuwahi kukaa mahali ambapo unaweza kuilaza kamera chali nayo ikatazama jua usoni. Lenzi ililikusanya jua, ikalichoma pazia, na mwanga ukavujia hapo katikati, penye uso. Ile lenzi ndefu, iliyonunuliwa kumleta karibu, ndiyo iliyomtoboa. Kila mtoto wa mji huu ameshachoma majani makavu kwa kipande cha chupa. Tulijua, na hatukufikiri. Mgiriki hakusema nilikwambia, nami nikamheshimu kwa hilo.

Papa Foto aliniletea pazia lenyewe, amelitoa kwa koleo, liko ndani ya karatasi. "Weye unajua kitambaa," alisema. "Unishonee." Nilikata kipande cha hariri nyeusi ya mwavuli, nikakibandika kwa gundi kwa ncha ya sindano, nikabana pumzi kila nilipogusa. Kiraka kilikuwa kizuri. Lakini kiraka ni unene, na pazia lile haliwezi kubeba unene. Lilikwama njiani kila mara. Nililitoa, nikajaribu nyembamba zaidi. Likakwama. Siku ya tatu alinikataza nisiendelee, akasema macho yangu yatakufa bure.

Alianza kuweka akiba upya ya sanduku. Alipiga picha za vitambulisho kwa kamera nyingine kuukuu ya miguu mitatu, vichwa kwa vichwa, hakula nyama. Kabla hajafikia bei yake, mtumbwi ulileta habari. Homa, walisema, si ukoma. Mama Zaina alikuwa ameshazikwa, hukohuko, ndani ya uzio. Tulikaa matanga bila maiti na bila picha. Kwenye meza, mahali pa kuweka picha ya marehemu, dada zake waliweka liputa lililokunjwa. Wageni waliingia wakatazama meza, kisha wakamtazama mpiga picha, kisha wakatazama chini. Kuna aibu ambazo mtu hapaswi kuonyeshwa siku ya msiba.

Baada ya matanga akiba ikatimia, akaenda akanunua sanduku la pazia la chuma. Mji ulimsema. Walisema amechanganyikiwa, walisema amemsubiri mkewe afe. Mimi niligombana na watu wawili kwenye bomba la maji kwa ajili yake, mmoja nilimmwagia ndoo. Lakini hata mimi sikuelewa, na nilipomuuliza alisema tu, "Nilisema sanduku nyuma. Bon, sasa iko nyuma." Picha za miaka ile ndizo bora alizowahi kupiga. Watu walikuja kutoka Makiso, wazungu kwa weusi. Aliwabana midomo wote.

Kisha mume wangu akapata kazi Barumbu, mbali na mji, nikahama na mashine yangu. Nilirudi mara moja tu, miaka ya hamsini ikielekea ukingoni, kwa mazishi ya shangazi. Nilipita barzani. Pazia la ndege lilikuwa limechanika, halijashonwa. Papa Foto alikuwa amekonda, ndevu nyeupe, amekaa chini ya dirisha na picha kubwa mapajani, upana wa sinia. Mkononi ana penseli ya kurekebishia picha, ile ya kuondolea watu makovu. Niliinama kumsalimu, ndipo nikaona liputa na kuku.

"Mama Georgette," alisema, kama mtu tuliyeachana naye asubuhi. "Mungu amekuleta. Weye ulimujua. Uniambie, pua yake ilikuwa namna gani?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Nilisikia sauti yake akitangaza habari za mchele. Niliona mwendo wake, mkono wake ukinishika usiku wa kuzaa. Pua sikuiona. Nilitafuta, nikaona tu weupe ule wa picha.

"Papa, sikumbuki vizuri."

"Hata miye," alisema. "Nimepiga batu yote ya muji huu, na yake sikumbuki. Naanza, nafuta. Naanza, nafuta." Karatasi katikati ilikuwa imekwanguliwa mpaka imeota manyoya.

Zaina alikuwa amesimama mlangoni, binti mrefu sasa, amesikia yote. Nilidhani atalia. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya babake penye mwanga, akanyoosha shingo. "Papa, batu banasema mutoto anakamata sura ya mama yake," alisema. "Uangalie miye, uchore."

Papa Foto alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akainamisha kichwa, akaanza kuchora, na safari hii hakufuta. Nilikaa nao mpaka akamaliza paji la uso, na macho, na ile pua. Mtoto yule, tangu siku ya kuzaliwa kwake, mtaa mzima ulijua, sura yake ilikuwa ya baba yake mtupu.